Kiu ya Wifi Yangu

Niliolewa Kasulu mjini nikitokea Muyama, huko juu ambako baba yangu alilima migomba na kahawa. Mume wangu alikuwa mtu wa duka. Babu yake alipanda kutoka Ujiji na mizigo ya chumvi na nguo, akaweka kibanda, na miaka ilivyokwenda kibanda kikawa duka lenye nyumba nyuma yake na ua mpana wa kuanikia. Humo niliwakuta mama mkwe wangu, ambaye alikuwa mjane, na binti yake wa mwisho aliyekuwa na miaka kumi na saba hivi. Huyo binti, wifi yangu, ndiye ninayetaka kumsimulia.

Nilikuwa nimemzidi umri kidogo tu. Nilibadili dini ili niolewe, na mama mkwe alinifundisha sala kwa haraka ya mtu mwenye kazi nyingi. Wifi ndiye aliyenirudisha nyuma pale nilipokosea, polepole, tukiwa jikoni tunachambua mchele. Mimi nilimfundisha Kiha, lugha ya kwetu. Kwao Kiha kilikuwa cha dukani, cha kuulizia bei na kukataa kukopesha. Nikampa kile cha utani, tukacheka mpaka mama mkwe akagonga ukuta kutunyamazisha. Mume wangu alikuwa akishuka Kigoma mara kwa mara kufuata bidhaa zilizokuja kwa treni, na kila akiondoka wifi alihamia chumbani kwangu, tukalala kitanda kimoja. Ndiyo maana niliyaona yale niliyoyaona.

Ilikuwa miaka ya sabini, wakati watu wa milimani walipokuwa wanahamishiwa kwenye vijiji vipya. Malori yalipita mji mzima yamebeba mabati, vitanda na kuku, na vumbi lake liliingia mpaka kwenye vyungu. Mwezi wa Ramadhani mwaka huo uliangukia mwisho wa kiangazi. Mvua ilikuwa haijaonyesha dalili yoyote, na chemchemi tuliyochota maji bondeni ilikuwa imekonda, mnachota kwa kata, mnasubiri, mnachota tena.

Wifi alikuwa amechumbiwa. Mchumba wake alikuwa fundi cherehani wa Kibondo, mtoto wa rafiki wa marehemu baba mkwe, kijana mtaratibu aliyewahi kuja mara mbili na kuongea na kila mtu isipokuwa yeye. Harusi ilipangwa baada ya Idi. Kwa hiyo kila alasiri wifi alikaa kwenye mkeka barazani akidarizi vitambaa vya kuwekea makochi, maua mekundu na majani ya kijani, na mimi nikimsaidia kupinda kingo.

Kitu cha kwanza kilichotushangaza kilikuwa mtungi. Tuliujaza jioni, na alfajiri ulikuwa umefika nusu. Mama mkwe alidhani una ufa. Akauinua, akaupangusa, akauacha juu ya mchanga mkavu kuangalia kama utalowa. Mchanga haukulowa.

Wifi hakuwa mtu wa maji hata kidogo. Tangu nimemfahamu alikuwa mtu wa chai. Ukimpa maji alionja akaweka chini. Sasa wakati wa kufuturu alikunywa vikombe vinne mfululizo kabla hajagusa tende, kifua kikipanda na kushuka, halafu akaangalia huku na huku kama mtu aliyefanya aibu. Akala sahani ya mihogo na maharagwe, akaongeza, akaongeza tena. Mama mkwe alifurahi. "Kula, mwanangu," alimwambia, "bibi harusi asiende kwa watu mifupa mitupu." Lakini mifupa ndiyo iliyozidi kuonekana. Bangili zake za fedha, ambazo zamani zilihitaji sabuni kuvuliwa, zilimtoka alipokuwa anafua, zikazama kwenye beseni.

Siku moja mchana mama mkwe alimkuta nyuma ya ghala, ameinamisha kopo kinywani, anakunywa.

"Unafanya nini?"

"Nasukutua tu, Mama."

"Kusukutua gani huko kunakoingia tumboni?"

Wifi alianza kulia. Hakujitetea. Alisema tu, "Mama, nina kiu. Nina kiu ambayo siielewi." Mama mkwe akamwambia hiyo siku atailipa, na asirudie, na asimwambie mtu. Nadhani aliona ni udhaifu wa imani, na kwa mjane aliyelea watoto peke yake katika mji ambao majirani wengi walikuwa watu wa misheni, hilo lilimuuma kuliko njaa.

Mimi nilikuwa nayaona ya chumbani. Tuliweka kopo kubwa pembeni kwa ajili ya haja ndogo ili tusifungue mlango wa uani gizani. Zamani lilikaa tupu mpaka asubuhi. Sasa wifi aliamka mara kwa mara, na kila akirudi kitandani alinong'ona, "Samahani, wifi." Kulipokucha nilibeba kopo kwenda kumwaga, na pale lilipokuwa limesimama nikakuta mstari wa sisimizi umetoka chini ya mlango. Wameizunguka ile duara yenye unyevu kwenye sakafu kama wanavyozunguka tone la asali. Nikawafagia. Asubuhi iliyofuata wamerudi. Nilimwonyesha, tukacheka kwamba sisimizi wa Kasulu nao wamefunga na wanatafuta futari. Hakuna kati yetu aliyejua tunachekea nini.

Kisha macho. Alinipa sindano nimtungie uzi. Nikamtungia. Akanipa tena. "Kuna ukungu," alisema. "Naona ua lakini silioni jani." Kitambaa alichokuwa akikidarizi siku zile ninacho mpaka leo, na majani yake yamekwenda nje ya mstari wa penseli kama ya mtoto anayejifunza.

Mama mkwe alipoona anazidi kukonda, alimwita mwalimu wa chuo cha Kurani amwandikie kombe. Mwalimu akaandika aya kwa zafarani kwenye sahani nyeupe, akaziosha kwa maji, akampa anywe baada ya kufuturu. Wifi alilinywa lote kwa pumzi moja, akageuza sahani akaramba, akauliza kama kuna lingine. Mwalimu yule, mzee mpole, hakujua acheke au aombe dua. Mama mkwe alinyoosha mkono akamnyang'anya sahani.

Siku chache baadaye aliniita jikoni, akafunga mlango.

"Wewe na yeye mnalala kitanda kimoja," alisema. "Mwezi huu umemwona?"

Nilielewa anauliza nini. Mwanamke akiwa katika siku zake hafungi. Katika nyumba yenye wanawake watatu kila mmoja anajua nani amekula mchana na kwa nini. Wifi hakuwa amekula hata siku moja.

"Sijamwona, Mama."

"Na mwezi uliopita, Shaabani?"

Nilifikiri. "Nadhani pia sikumwona."

Mama mkwe aliketi kwenye kibao cha mbuzi ya nazi. Alikuwa mwanamke mrefu, lakini pale alionekana mdogo. Hakutaja neno mimba. Alisema, "Watu wa Kibondo nitawaambia nini?"

Tangu hapo hakumtoa nje. Wifi akaacha kwenda chemchemini, akaacha kukaa barazani. Alilala mchana kutwa, miguu ikimkakamaa kwa maumivu, na mama mkwe alimletea uji wa mtama aliouzidisha sukari, wa kumtia nguvu, akauweka sakafuni na kutoka. Alikuwa anamlisha na kumchukia kwa wakati mmoja. Nilimwuliza wifi peke yetu, kwa Kiha, ili hata ukuta usisikie: kuna mwanamume? Akanitazama kama niliyemwuliza kama kuna simba uvunguni. "Wifi, mimi hata kusimama siwezi."

Zikabaki siku tatu au nne kufika Idi. Asubuhi akaanza kutapika. Alitapika uji, kisha maji, kisha kitu cha kijani, akashika tumbo akijikunja. Mama mkwe alisimama mlangoni. Kwake lilikuwa ni jibu. Akaingia, akamwinamia kumfuta mdomo, na papo hapo akarudi nyuma kama aliyeungua.

"Pombe!" alisema. "Ndani ya Ramadhani! Ndani ya nyumba yangu!"

Nikasogea. Ilikuwa kweli, kinywa cha wifi kilinuka. Lakini mimi nimekulia kwenye migomba. Kwetu ndizi za kutengeneza pombe hufukiwa shimoni mpaka ziive, na unapofunua yale majani kabla hazijakamuliwa hupanda harufu tamu na kali inayochoma pua. Harufu ya wifi ilikuwa hiyo. Mtu aliyekunywa pombe hanuki hivyo. Mlevi hunuka uchachu. Na tena angetoa wapi pombe, mtoto asiyetoka chumbani?

"Mama, hajanywa kitu," nilisema. "Mimi ninalala naye."

"Basi wewe ndiye unayemletea."

Nilikuwa nimeanza kusikiliza pumzi. Wifi alikuwa amelala chali, macho nusu wazi, na alikuwa anapumua kama mtu aliyepanda mlima na mzigo: pumzi ndefu, za ndani kabisa, moja baada ya nyingine, bila kupumzika. Nilimwita, akageuza macho lakini hakujibu. Ulimi ulikuwa mkavu kama kipande cha gome. Nilimfinya ngozi ya mkono, ikabaki imesimama.

"Mama, huyu hapumui kama mjamzito. Njoo usikilize."

"Tukimpeleka hospitali mji wote utajua kabla ya adhuhuri."

"Ujue. Mtoto anakufa."

Sikuwahi kumjibu hivyo kabla ya siku ile. Mume wangu alikuwa Kigoma, hapakuwa na mwanamume wa kuamua. Mama mkwe alikaa kitandani, akaweka sikio karibu na kifua cha binti yake, akasikiliza. Akainuka akavaa baibui. "Kamwombe jirani gari lake," alisema.

Jirani alikuwa mfanyabiashara wa mbao, Mkristo, mtu mkubwa wa maneno machache. Alitupa magogo chini, tukatandika godoro nyuma ya gari, tukampeleka hospitali ya misheni iliyokuwa nje ya mji. Njia ilikuwa mbovu. Mama mkwe alimpakata kichwa binti yake, akimkinga na vumbi kwa upindo wa baibui, na njia nzima alikuwa akiomba.

Daktari alikuwa kijana, mtu wa kusini kwa lafudhi yake. Kabla ya kugusa kitu alimwinamia mgonjwa akanusa. Kisha akatuuliza maswali ambayo yalinisimamisha nywele, kwa sababu ilikuwa kama alikuwa amelala chumbani kwetu.

"Amekuwa akinywa maji mengi?"

"Mengi sana," nilisema.

"Na kukojoa?"

"Usiku kucha."

"Anakula vizuri lakini anakonda? Macho yake je?"

Nikamwambia vyote, nikamwambia na sisimizi. Aliposikia sisimizi alitikisa kichwa kukubali. Mama mkwe akajikaza akauliza kwa sauti ndogo kama ni mimba. "Hapana, mama," daktari alisema. "Na hajanywa pombe pia. Wengi hufikiri hivyo."

Walichukua mkojo wake, wakauchanganya na dawa ya bluu kwenye kibomba cha kioo, wakaupasha moto kwenye taa ya spiriti. Niliona kwa macho yangu ile bluu ikigeuka kijani, kisha rangi ya chungwa, kisha rangi ya tofali. Daktari akatueleza huku wauguzi wakimtafuta mshipa wa kutundikia dripu. Alisema nyuma ya tumbo la mtu kuna kiungo kiitwacho kongosho, na kazi yake moja ni kutoa insulini. Chakula kinageuka sukari, kinaingia kwenye damu, na bila insulini kinabaki humohumo; mwili unakaa na njaa huku damu imejaa. Sukari inayozidi inatoka na mkojo, inavuta maji, ndiyo kiu. Mwili ukikosa chakula unaanza kula mafuta yake wenyewe, na mafuta hayo ndiyo yanayotoa ile harufu na kumfanya apumue vile.

Mama mkwe alisikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Mimi nimempa sukari. Kila siku. Kwa mkono wangu."

"Uji haukuleta ugonjwa," daktari alimwambia. "Kongosho lake limeacha kazi. Hakuna aliyelifanya hivyo."

Sidhani kama alimwamini. Alitoka nje akakaa kwenye ngazi za wodi. Jua la mchana lilimpiga uso mzima, naye hakusogea kivulini.

Wifi alizinduka siku ya pili. Walikuwa wamemchoma insulini na kumwekea maji chupa baada ya chupa. Alinitambua, akaomba kioo, nikamkatalia. Asubuhi ya Idi, wakati tukisikia watoto wa wagonjwa wengine wakicheza nje, aliniambia, "Wifi, leo nimeamka sina kiu." Alisema kama mtu anayetoa habari ya msiba uliokwisha. Mama mkwe alikuwa amesimama na bakuli la pilau aliloletewa kutoka mjini na mume wangu, aliyekuwa amekwisha kurudi kutoka Kigoma. Akaliweka chini. Akashika miguu ya binti yake juu ya blanketi, akaibana, na akalia kwa sauti mbele ya wodi nzima, yeye ambaye hakulia hata kwenye mazishi ya mumewe mbele za watu. "Nisamehe, mama yangu," alimwambia, akimwita hivyo kwa kuwa wifi alirithi jina la bibi yake. "Nilikudhania." Wifi alimjibu, "Hata mimi ningejidhania."

Tulirudi nyumbani na chupa ndogo, bomba la kioo na sindano mbili. Daktari alisema dawa haipendi joto. Hospitali walikuwa na jokofu la mafuta ya taa. Sisi tulikuwa na chungu. Mama mkwe alichagua chungu kipya, akakizika nusu kwenye mchanga uliolowa kwenye kona ya giza ya ghala, akakifunika kwa kitambaa chenye maji. Kila asubuhi tulichemsha bomba kwenye sufuria ya peke yake, na wifi akajichoma mwenyewe pajani. Mara ya kwanza niligeuka pembeni. Baadaye alikuwa akijichoma huku anaongea.

Habari zilifika Kibondo kabla yetu. Ndugu wa mchumba walituma ujumbe kwamba harusi isubiri. Mume wangu akaamua twende wenyewe, mimi na yeye, tukawaeleze. Tulipanda lori la mahindi, tukafika Kibondo jioni, mvua za kwanza zimeanza na mji umefunikwa ukungu, baridi ya kuumiza meno. Baba wa mchumba alitupokea vizuri, akatupa chai na mandazi. Mume wangu alieleza ugonjwa kama daktari alivyotueleza. Mzee alisikiliza akitazama kikombe.

"Kila siku sindano?" aliuliza.

"Kila siku."

"Mpaka lini?"

"Mpaka mwisho wa maisha yake."

"Na kuzaa?"

Mume wangu alisema hajui. Nyuma ya pazia, kwenye chumba cha mbele, cherehani ilikuwa inakwenda. Tulijua ni nani anayeikanyaga. Wakati baba yake anatuambia, kwa adabu zote, kwamba wao ni watu wadogo na mzigo huu hawatauweza, cherehani haikusimama. Nilisubiri isimame hata mara moja. Tulipotoka, mume wangu alitoa salamu kupitia pazia, na sauti ya kijana ikaitikia, na gurudumu likaendelea.

Wifi tulimwambia ukweli. Alikunja vile vitambaa, akaviweka kwenye sanduku, akauliza kama Kibondo ni kweli kuna baridi kama watu wanavyosema.

Akaishi. Hilo nataka lieleweke, kwa sababu watu wakisikia mwisho husahau katikati. Alinenepa kiasi, akaanza kukaa dukani, akawa mkali wa hesabu kuliko kaka yake. Zipo siku dawa ilimzidi nguvu, akatoka jasho na kutetemeka akaongea maneno yasiyo na mpango, nasi tukajifunza kumkimbilia na maji ya sukari. Ramadhani iliyofuata daktari alimkataza kufunga. Alilia kuliko alivyolia kwa ajili ya uchumba. Ndipo mama mkwe, akiwa na saumu yake, akawa anaingia jikoni kila adhuhuri, anampikia ndizi na samaki, anamfungia mlango asione haya kwa wageni, na anakaa naye mpaka amalize. Nilipitia dirishani nikawaona: mmoja anakula, mwingine midomo imekauka, anamtolea miiba.

Miaka ikaenda hivyo. Kisha ikaja vita ya Uganda, na kila kitu kikaanza kukosekana. Sabuni ilikwisha, mafuta ya taa yakawa ya foleni, rafu za duka letu zikabaki na viberiti na chumvi ya mawe. Dawa nazo zikawa zinakuja kidogo, halafu haziji. Hospitali walimpa walichokuwa nacho. Mume wangu alishuka Kigoma akarudi mikono mitupu. Akaagiza kwa ndugu wa Tabora, akaagiza kwa mtu aliyekuwa anakwenda Dar es Salaam. Wifi alianza kupunguza. Alivuta nusu ya kiasi chake, kisha robo, akiinua bomba kwenye mwanga na kuliangalia kwa jicho moja.

Hakuna aliyelazimika kumwambia chochote. Alikuwa anayajua yote kwa mpangilio wake. Asubuhi moja aliweka kikombe mezani akaniambia, "Imeanza, wifi. Hiki ni cha tatu." Alisema kwa Kiha, mama mkwe asisikie, lakini mama mkwe alikuwa amekwisha kuuona mtungi.

Baada ya siku kadhaa aliniomba nimsomee alama za mizani dukani. Kisha akaniita nimnuse. Aliketi kwenye kiti cha kamba uani, akafumba macho, akafungua kinywa kama mtoto anayeonyesha jino. Nilinusa. Nilitaka kusema hapana.

"Ndizi?" aliuliza.

"Ndizi," nilisema.

Yule jirani wa mbao alitoa mafuta aliyokuwa ameyaficha, akatupeleka. Yule daktari alikuwa amehamishwa, alikuwepo mwingine, mtu mzima, naye alifanya alichoweza. Aliweka dripu. Aliandika barua ya kuomba dawa akampa dereva wa gari lililokuwa linakwenda Kigoma. Tulisubiri. Wifi aliongea siku ya kwanza. Alituelekeza funguo za sanduku ziko wapi, akamtania kaka yake kwamba sasa atapunjwa na kila mteja. Siku ya pili pumzi zikawa zile ndefu. Mama mkwe alimshikilia akihesabu tasbihi kwa mkono mwingine. Asubuhi, wakati wauguzi wanabadilishana zamu, zikasimama.

Tulimzika Kasulu siku hiyohiyo, kabla ya alasiri. Chupa mbili za dawa zilifika kutoka Dar es Salaam baadaye, kwa mkono wa yule mtu tuliyemwagiza, ambaye alikuwa hajapata habari. Alikuja anatabasamu. Mume wangu alizipokea, akamshukuru, akamkaribisha chai. Zikapelekwa hospitali.

Mama mkwe aliishi miaka mingi baada ya hapo, lakini hakuweza tena kumwona mtoto anakunywa maji akanyamaza. Kama ni msikitini, kama ni kwenye msiba, alimwita, akamwuliza amekunywa vikombe vingapi, anakojoa mara ngapi, hebu apumue hapa. Akina mama wengine walikasirika, wakamwona mchawi. Mara moja alimkuta binti mdogo wa familia ya wakimbizi wa Burundi chemchemini, amelala kifudifudi anakunywa moja kwa moja kwa mdomo, anarudia, anarudia. Alimshika mkono, akaenda naye kwa mama yake, akambembeleza mama kwa Kiha kibovu, lugha iliyokaribiana na yao, na wote watatu wakaenda kwa miguu mpaka hospitali, nami nikawafuata nyuma.

Walimpima. Bluu ilibaki bluu. Mtoto alikuwa amekula dagaa wa chumvi mchana, basi. Muuguzi alicheka, mama wa mtoto naye akacheka, kwa woga uliomtoka. Mama mkwe aliomba wamwonyeshe tena kile kibomba. Akakishika kwenye mwanga wa dirisha, akakizungusha, akakitazama mpaka muuguzi akamwomba akirudishe.

"Wanakucheka, Mama," nilimwambia tulipotoka.

"Wacha wacheke," alisema, akatafuta kiatu chake mlangoni. "Mtoto hana kitu." Tukaanza kushuka kurudi mjini, na kwa kuwa magoti yalikuwa yanamsumbua tulikwenda polepole, tukipumzika kila kwenye kivuli.